Picha ya Henry VIII: ni ya Holbein mwenyewe?
Ndugu, umeuliza kama ile picha ya Liverpool, Henry VIII, mfalme wa Uingereza, amesimama kapanua miguu, ilichorwa na mchoraji Holbein mwenyewe. Hapana, ni nakala. Ya asili ilichorwa ukutani katika kasri la Whitehall mwaka 1537, ikateketea kwa moto mwaka 1698.

Ukitaka mkono wa Holbein, anza na ile picha ndogo ya mfalme huyo iliyoko Madrid, haifiki hata sentimita 30 kwa urefu. Angalia mkufu kwa karibu: hapo alitumia dhahabu halisi, si rangi ya njano. Kisha National Portrait Gallery, jumba la picha huko London, ina rasimu yake ya mchoro ule wa ukutani. Humo mfalme kageuza uso kidogo. Kwenye nakala anakukazia macho moja kwa moja. Mimi naithamini rasimu hiyo kuliko nakala zote.