Programu ya kusoma maktabani wakati wa likizo: acheni kuhesabu vitabu

Mleta uzi, umesema umekabidhiwa programu ya kusoma ya likizo ndefu kwenye maktaba ya umma, watoto wa miaka 5 hadi 12, wiki sita. Aliyekutangulia alisajili watoto kibao wiki ya kwanza, kufika ya tatu wakawa wa kuhesabu kwa vidole. Unauliza zawadi gani itawabakiza. Nakujibu kwa urefu kwa sababu swali hilohilo niliwahi kuliuliza mimi, nikashauriwa zawadi kubwa, nikafuata, nikaumia.

Mimi si mkutubi wa kusomea. Nimejitolea kwenye chumba cha watoto likizo saba sasa, kupiga mihuri, kusoma kwa sauti, kufuta gundi mezani. Kwa hiyo nasema nilichokiona nikiwa nyuma ya kaunta.

Mwaka wangu wa kwanza nilibandika chati kubwa ukutani. Kila mtoto na jina lake, kila kitabu nyota moja, na mwenye nyota nyingi kuliko wote siku ya mwisho anaondoka na zawadi nono. Wiki ya kwanza chumba kilijaa pomoni. Palikuwa na binti wa miaka 10, msomaji wa kuzaliwa, yule ambaye ukimkosa kwenye zulia unamkuta chini ya meza na kitabu. Nyota zake zilifika mwisho wa chati siku ya tisa. Tukaongeza karatasi, zikakata kona, zikaanza kufuata fremu ya dirisha. Watu wazima tukachekelea, tukampiga picha.

Siku hiyohiyo nikamwona mvulana wa miaka 8 hivi amesimama mbele ya chati, kitabu kwapani. Alikuwa na nyota mbili. Akaweka kidole kwenye nyota ya kwanza ya yule binti, akaanza kuhesabu kwa midomo bila sauti, akaenda nazo mpaka pale dirishani ambapo mkono wake haufiki. Akaacha. Akarudisha kitabu kwenye rafu kichwa chini miguu juu, akatoka. Sikumwona tena likizo ile.

Wengine hawakutoka, walichakachua. Kijana wa miaka 11 anayesoma riwaya nene bila taabu alibeba vitabu vya vitoto vya kurasa nane, vya gari linasema piipii, akavimaliza kumi na viwili akiwa bado kwenye foleni. Ningemlaumu vipi? Mimi ndiye niliyemwambia kinachotafutwa ni idadi.

Baadaye nikasoma kuhusu jaribio la mwaka 1973 la mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake wawili, David Greene na Richard Nisbett. Walichukua watoto wa chekechea waliokuwa tayari wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja likaahidiwa cheti chenye utepe likichora, jingine likapewa cheti hichohicho ghafla bila kuahidiwa, la tatu halikupewa kitu. Baada ya muda kalamu zikawekwa tena mezani, safari hii bila ahadi yoyote, na waliokuwa wameahidiwa ndio waliozigusa muda mfupi zaidi. Waliopewa ghafla hawakuathirika. Nilipolielewa hilo nilikumbuka watoto wangu waliokuwa wakiniuliza kaunta, kabla hata ya kufungua kitabu, "Hiki kinahesabika?"

Simaanishi zawadi ni haramu. Stika mtoto anazipenda, mpe. Ila usiifanye zawadi kuwa bei ya kusoma, na usiwashindanishe. Zawadi yangu siku hizi ni kitabu, mtoto anajichagulia, anaenda nacho moja kwa moja, na anakipata katikati ya programu, sio mwisho. Kile kile kilichokuwa kinasubiri siku ya kufunga kimehamia wiki ya tatu, pale wanapoanza kupotea.

Sasa tuhesabu nini? Siku. Kadi yangu ina visanduku 30. Ukisoma dakika 20 leo, unapaka rangi kisanduku kimoja. Wiki sita zina siku 42, kwa hiyo mtoto aliyeugua, aliyesafiri, au aliyenuna tu siku mbili bado anafika. Na "kusoma" nimelitafsiri kwa upana wa makusudi: kusomewa na mkubwa ni kusoma, kumsomea mdogo wako ni kusoma, katuni, gazeti, kitabu cha mapishi, kitabu cha kusikiliza, kurudia kitabu kilekile mara ya tano, vyote ndani. Kuna mzazi alinijia juu kuhusu katuni. Nikamwomba amwangalie mwanawe dakika tano tu bila kusema neno. Hatukubishana tena, ingawa sidhani kama nilimshawishi.

Kama lazima uhesabu vitabu, weka lengo dogo lenye mwisho. Uingereza wana kampeni ya kila kiangazi tangu 1999, inaendeshwa na shirika la The Reading Agency kupitia maktaba za umma, na kwa miaka mingi lengo lake lilikuwa vitabu sita, vyovyote mtoto atakavyochagua. Msomaji wa mwendo wa kobe anafika. Yule wa vitabu hamsini naye anafika, kisha anaendelea kusoma kwa raha zake bila kumvunja mtu moyo.

Kuhusu kadi zenyewe: mali bila daftari hupotea bila habari, lakini daftari la mtoto nalo hupotea. Mwaka wa tatu mtoto wa miaka 7 alikuja kaunta, akafungua kiganja, ndani kuna kidonge cha karatasi kilichokauka. Kadi ilifuliwa mfukoni mwa suruali. Visanduku kumi na saba, alisema, na kidevu kikaanza kutetemeka. Nikatoa kadi mpya nikamwambia, haya, nisimulie ulichosoma, mimi napaka. Alinisimulia dakika kumi na tano, na mle ndani mlikuwa na papa wa aina mbalimbali ambao mimi sikuwa nimewahi kuwasikia. Nikapaka kumi na saba. Huenda zilikuwa kumi na tatu. Chapisha kadi za ziada, nyingi, na asiulizwe mtu maswali ya polisi.

Hapo ndipo nilipojua kinachowarudisha watoto, na kama ungenisikiliza kitu kimoja tu, kiwe hiki. Mtoto harudi kwa sababu ya chati. Anarudi kwa sababu kuna mtu kaunta anayesubiri kusikia kilichompata yule mbwa mwitu. Kwa hiyo kila anayekuja kupigiwa muhuri anaulizwa swali moja, na liwe swali la watu, lisiwe la mtihani. Ukimuuliza "Umejifunza nini?" atakupa jibu la darasani, "Nimejifunza kuwa tuheshimu wazazi," hata kama kitabu kilikuwa cha volkano. Mimi nauliza: nani alikukera zaidi humu ndani? Au: ungekuwa wewe, ungefungua ule mlango? Au: ukurasa gani nikifungua sasa hivi nitacheka?

Kulikuwa na binti mmoja hasemi. Wiki mbili nzima anasukuma kadi, anaangalia viatu. Siku moja nikamuuliza nani alimkera. Kimya. Nikampigia muhuri, nikamwita anayefuata. Alipofika mlangoni akageuka, akarudi mpaka kaunta, akasema, "Chura." Nikamwambia, hata mimi yule chura simpendi. Akaniangalia kana kwamba nimemkopesha pesa. Kesho yake alikuja na orodha ya makosa ya chura, imeandikwa kwa penseli, makosa manane.

Hili linahitaji watu. Mtu mmoja hawezi kusikiliza watoto arobaini saa nne asubuhi. Hapo ndipo wanapoingia vijana wa miaka 13 na kuendelea, ambao programu yako imewaacha nje. Wape beji, wape kiti, wafundishe yale maswali matatu. Watoto wadogo wanapenda kusimulia kwa kijana kuliko kwangu, na yule kijana, ambaye angekataa katakata kujisajili "kusoma", anajikuta anasoma ili ajue mtoto anaongelea nini.

Utaulizwa na wakubwa wako kama haya yote yana faida. Yapo ya kuwaambia. Mtafiti Barbara Heyns alifuatilia wanafunzi wa Atlanta, Marekani, matokeo yakachapishwa 1978, akaona kusoma wakati wa likizo kunaendana na maendeleo ya mtoto, na kwamba katika taasisi zote za umma, maktaba ndiyo iliyochangia zaidi kipindi kile shule zimefungwa. (Ndiyo, yeye alihesabu vitabu. Lakini hakuwabandikia watoto ukutani.) Aliona pia kuwa wanaoishi karibu na maktaba wanasoma zaidi, jambo ambalo lingepaswa kukutoa wewe kwenye jengo na kukupeleka na boksi la vitabu huko watoto waliko. Kisha kuna utafiti wa Richard Allington na Anne McGill-Franzen, 2010, hukohuko Marekani, Florida: watoto wa familia za kipato cha chini walijichagulia vitabu 12 kila kiangazi, miaka mitatu mfululizo, wakabaki navyo, na kwenye mtihani wa kusoma wakawapita wenzao ambao hawakupewa. Neno la kushika hapo ni walijichagulia. Wataalamu wanabishana ni kiasi gani hasa cha alichojifunza shuleni mtoto anakipoteza likizo, wakubwa wako wasikuingize kwenye ubishi huo.

Na faini. Kama maktaba yako bado inatoza faini za kuchelewesha kwa watoto, pigania ziondolewe angalau kwa kipindi cha programu. Nimemsikia kwa masikio yangu mama akimwambia mwanawe, "Soma hapahapa, usiazime," kwa sababu ya deni la mwaka juzi la vitabu vitatu. Chama cha Maktaba cha Marekani kilipitisha azimio mwaka 2019 kwamba faini ni aina ya ukosefu wa usawa, na mwaka huohuo maktaba za umma za jiji la Chicago zikaziondoa. Mtumie bosi wako hilo.

Shughuli sasa, maana najua ndizo zinazokula bajeti. Tuliwahi kuleta mwanamazingaombwe. Watu walijaa mpaka ngazini, wakapiga makofi, wakaondoka. Niliangalia rejesta jioni: walioazima ni kama siku ya kawaida. Kosa halikuwa lake, lilikuwa letu, hatukuweka hata meza moja ya vitabu vya mazingaombwe mlangoni. Tangu hapo kanuni yangu ni kwamba hakuna shughuli bila meza ya vitabu pale watu wanapotokea, majalada yakiangalia watu, migongo ikiangalia ukuta. Volkano ya siki na magadi soda ni rahisi kuliko mazingaombwe na inafanya kazi mara kumi zaidi, kwa sababu mtoto anataka kujua kwa nini imetoka povu, na jibu liko pale mezani.

Ninayoipenda kuliko zote ni usiku wa wanasesere. Watoto wanamleta mwanasesere au dubu wao jioni, wanamfunika shuka kwenye zulia, wanaenda nyumbani. Nyinyi mnabaki saa moja mnawapiga picha: dubu amepanda ngazi ya rafu, sungura amekwama kwenye mashine ya kunakili, tembo anasomea wenzake. Asubuhi kila mtoto anapewa picha ya wake, pamoja na kitabu ambacho mwanasesere "amemchagulia". Sijawahi kuona mtoto akikataa kitabu alichochaguliwa na dubu.

Kwa wanaosoma kwa kukwama, kuna utaratibu wa kumsomea mbwa. Ulianza Salt Lake City, Marekani, mwaka 1999, mbwa waliofunzwa na wamiliki wao wanaketi na mtoto maktabani, mtoto anasoma. Siri yake ni kwamba mbwa hasahihishi. Kama mbwa hapatikani, au watoto wako wanaogopa mbwa au hawaruhusiwi kuwagusa, tumia walewale wanasesere kwenye kona yenye pazia. Cha muhimu ni kwamba mtu mzima asiwe anasikiliza akiwa na uso wa mwalimu.

Usajili usiuongeze maneno: jina, umri, namba ya mzazi, basi. Na usisubiri likizo ianze. Nenda shuleni wiki ya mwisho ya muhula, omba dakika kumi kwa kila darasa, soma sura ya kwanza ya kitabu cha kusisimua, ukifika pale mlango unapofunguka, funga kitabu, sema kipo maktabani, nakala tano. Halafu hakikisha kweli zipo tano. Mwaka mmoja nilikuwa na moja, nusura wapigane.

Mwisho umeuliza kama mfunge kompyuta za michezo ili watoto wasome. Hapana. Wengine huja kwa ajili ya kompyuta, na zikiwa na foleni ya nusu saa, weka zulia, mito na katuni hapohapo penye foleni. Kadi zitengeneze kabla ya kitu kingine chochote, karatasi ngumu, ikunjwe mara moja tu iingie mfukoni. Na mtoto akifuta kisanduku akapaka tena, wewe hukuona.