Maswali yenu: wachanaji wa Tanga

Wiki hii karibu barua zote zinahusu rap. Mashabiki wa taarabu mnivumilie, zamu yenu inakuja.

Mgosi, mie nachana tangu nipo shule. Wenzangu wanasema bila kuhamia Dar sitoki. Nifanyeje? (Kijana, Makorora)

Mdogo wangu, hawajakosea sana. Redio kubwa na maprodyuza wenye majina wapo Dar, na wengi waliotoka walipita huko. Lakini watazame Wagosi wa Kaya, kundi la rap la hapa Tanga, yaani Mkoloni na Dr. John. Walipovuma mwanzoni mwa miaka ya 2000 hawakujitia watu wa Kinondoni. Walichana kwa lafudhi ya huku huku, Kisambaa kikichungulia kwenye mistari, wakauliza mji huu umepatwa na nini mpaka viwanda vikalala. Wakawageukia wauguzi wanaofokea wagonjwa, kisha trafiki na rushwa ya barabarani. Nchi nzima ikawasikiliza. Mtu wa Mwanza hata kama hajawahi kukanyaga Chumbageni, muuguzi mwenye mdomo anamjua.

Vijana wengi wa hapa nikiwasikiliza sasa, nasikia magari wasiyoyaendesha na klabu wasizoingia. Wewe iandike Ngamiani unayoijua, barabara kwa barabara. Rekodi hapa hapa, wimbo upandishe intaneti. Dar nenda ukiitwa. Anayeitwa hutaja bei, anayebisha hodi hutajiwa.

Mwanangu, kijana wangu yupo kidato cha tatu na daftari la fizikia limejaa mashairi. Ananiambia hata yule mchanaji Mwana FA hakuhangaika na shule. Ni kweli? (Mama, Muheza)

Shikamoo mama. Kakudanganya, tena kwa mtu wa kwenu. Hamis Mwinjuma, aliyeanza kwa jina la Mwanafalsafa kabla halijafupishwa, alikuwa tayari ana jina kubwa alipokwenda Coventry, Uingereza, kusomea shahada ya uzamili ya mambo ya fedha. Mwaka 2020 Muheza mkampa ubunge, na 2023 akateuliwa Naibu Waziri kwenye wizara yenye sanaa na michezo. (Mimi ningependelea mistari zaidi na hotuba chache, lakini hilo ni langu.)

Hata hivyo, daftari usilichome moto. Lisome kwanza, huenda mtoto ana kitu. Kisha mnunulie jingine la mashairi, la fizikia libaki la fizikia.

Kaka, kuna duka linapiga wimbo wangu kwenye gari la matangazo. Sijaombwa wala kulipwa. Nina haki? (Msanii, Pangani)

Unayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kazi yako tangu ulipoitunga. Kuisajili Cosota, ofisi ya hakimiliki, kunakuongezea ushahidi siku ya ubishi. Lirekodi hilo tangazo, andika tarehe, kisha wapelekee wenye duka barua ya madai na nakala ubaki nayo. Mwana FA na mchanaji mwenzake AY waliishtaki kampuni ya simu iliyotumia nyimbo zao kama miito ya simu bila ridhaa yao, na mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala ikaamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2. Duka la Pangani halitakupa bilioni, lakini sheria ni hiyo hiyo.

Ila kabla ya yote: biti ni ya nani? Kama prodyuza alikupa kwa maneno matupu, kaeni muandikishane leo. Wengi wanakwenda kudai pesa ya wimbo, kumbe nusu ya wimbo ina mwenyewe mwingine, na yeye ndiye anakuwa wa kwanza kuwageuka.

Tumalizie ubishi wa kijiweni: mchanaji Roma Mkatoliki ni wa Tanga au wa Dar? (Wadau wa kahawa, Barabara ya 8)

Wa Tanga. Aliyebisha alipe kahawa.

Nina shoo ndogo ya mtaani mwezi ujao. Mambo ya Basata (Baraza la Sanaa la Taifa) na vibali yananihusu? (Msichana, Korogwe)

Yanakuhusu, dada, na yafanye kabla hujabandika matangazo. Anza kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yako, atakueleza usajili unavyokwenda na kibali cha shughuli yenyewe. Muulize pia mwisho wa muziki ni saa ngapi, uwaambie na watu wa spika.