Barua kwa mwanangu: kitamu cha kutengeneza kwa Siku ya Wapendanao

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimeisoma mara mbili kwa furaha. Unaniuliza ni kitamu gani rahisi unachoweza kumtengenezea mkeo kwa ajili ya Siku ya Wapendanao, tarehe 14 Februari, ilhali huna oveni, unarudi kutoka kazini jioni, na mkwe wangu hapendi vitu vyenye sukari kali. Umeniandikia vitu vitano unavyovifikiria na kuniomba nikuchagulie vitatu. Mimi nitakuchagulia kimoja na kingine cha akiba, kwa sababu anayehangaika na vitamu vitatu kwa jioni moja hufika mezani amechoka, na wewe unataka kuketi na mwenzako mle pamoja.

Tengeneza vibonge vya chokoleti na krimu. Havihitaji oveni, havihitaji mayai wala unga, na utamu wake unaupanga mwenyewe kwa kuchagua chokoleti. Nunua chokoleti nyeusi ya vipande, ile ambayo karatasi yake inaonyesha kakao asilimia 55 hadi 60. Ya maziwa itamzidia sukari mkwe wangu, na ile ya asilimia 80 na kuendelea ina uchungu na haishikani vizuri na krimu kwa mtu anayejifunza. Utahitaji gramu 200 za chokoleti hiyo, mililita 100 za krimu nzito, gramu 20 za siagi, chumvi kidogo sana ya kubana kwa vidole viwili, na unga wa kakao usiotiwa sukari wa kuvingirishia. Kipimo cha kukumbuka ni kwamba chokoleti iwe mara mbili ya krimu. Vikilingana, utapata mchuzi mzuri wa kumwagia keki, lakini hautafinyangika.

Ikatekate chokoleti kwa kisu mpaka iwe vipande vidogo kama punje za mahindi, uiweke katika bakuli. Usiifanyie haraka kazi hii, kwa maana vipande vikubwa havitayeyuka vyote, na utaishia kuirudisha bakuli motoni bila sababu. Pasha krimu kwa moto mdogo hadi uone viputo vikianza kuzunguka ukingo wa sufuria. Hapo hapo iepue kabla haijachemka na kufura, kisha uimimine juu ya chokoleti na uiache dakika mbili bila kuigusa. Najua mkono utakuwasha kutaka kukoroga, lakini iache. Dakika hizo mbili ndizo zinazofanya kazi kwa niaba yako.

Baadaye chukua mwiko na uanze kukoroga katikati tu, mizunguko midogo ya polepole. Mwanzoni utaona kitu cha kukatisha tamaa: krimu nyeupe yenye michirizi ya kahawia, kama maziwa yaliyoharibika. Endelea palepale katikati. Ghafla patatokea duara dogo jeusi linalong'aa, nalo litapanuka kila unapozungusha mwiko, mpaka bakuli zima liwe laini na kung'aa. Mimi nimetengeneza vitu hivi kwa miaka mingi na bado huwa nasimama kulitazama duara hilo. Linapotokea, tia siagi na chumvi, koroga mpaka vipotee, acha mchanganyiko upoe, kisha uufunike na kuuweka katika friji kwa muda wa saa mbili.

Kuvingirisha ndiko kunakowashinda wengi, na sababu yake iko mikononi. Mafuta ya kakao huyeyuka kwenye nyuzijoto 34 hivi, yaani chini kidogo ya joto la mwili wako. Kwa hiyo kile kinachoifanya chokoleti iyeyuke vizuri ulimini ndicho kitakachoifanya ikushike viganjani. Osha mikono kwa maji baridi, uikaushe kabisa, upakae unga wa kakao viganjani, uchote mchanganyiko kwa kijiko cha chai na kuuvingirisha kwa sekunde chache tu. Kibonge kikiwa na mabonde wala si duara kamili, kiache hivyo hivyo. Utapata vibonge 20 hivi. Vingirisha kila kimoja katika unga wa kakao, au katika lozi zilizosagwa ikiwa una hakika kwamba mwenzako hadhuriki na njugu za aina yoyote. Jambo hilo muulize mapema.

Sasa nikuonye kuhusu maji. Mwaka mmoja niliyeyusha chokoleti tupu katika bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, nikaifunika kwa mfuniko ili iyeyuke upesi. Mvuke uligeuka matone chini ya mfuniko, na nilipoufunua, matone mawili matatu yakaangukia ndani. Mara moja chokoleti iliyokuwa ikitiririka ikagandamana ikawa tope gumu lenye chembechembe. Maji kidogo huifanya sukari na unga wa kakao vilivyomo ndani yake vishikane. Likikupata hilo usiitupe: tia krimu ya moto, kijiko kimoja kimoja, ukikoroga mpaka ilainike. Haitafaa tena kuchovyea, ila itakuwa mchuzi mzuri.

Hilo linanileta kwenye kitamu cha akiba, yaani matunda yaliyochovywa katika chokoleti, ambayo yatakufaa endapo jioni itakuwa fupi kuliko ulivyotarajia. Chukua stroberi, au vipande vya chungwa au ndizi. Stroberi zioshe mapema, uzipanguse moja moja kwa kitambaa safi na kuziacha zikauke, kwani unyevu ule ule niliokueleza unakaa chini ya vikonyo vyake. Yeyusha theluthi mbili za chokoleti juu ya maji yaliyo chini ya kuchemka, bakuli lisiyaguse maji. Liondoe, tia theluthi iliyobaki, na ukoroge mpaka iyeyuke kwa joto lililopo. Njia hii huipoza chokoleti taratibu, nayo ikishaganda hukatika kwa mlio badala ya kunata na kutoa madoa meupe. Chovya, weka juu ya karatasi ya kuokea, na mle siku hiyo hiyo, kwa sababu matunda hutoa maji yakikaa.

Biskuti za siagi ulizozitaja ni nzuri, ila ziache mpaka mtakapopata oveni.

Umeuliza pia kuhusu kisanduku chenye umbo la moyo. Visanduku vya namna hiyo vilivyojaa chokoleti vilianza kuuzwa Uingereza katika miaka ya 1860, na Richard Cadbury, mtengenezaji wa chokoleti wa huko, ndiye anayetajwa kuvianzisha. Ni vizuri, lakini vya kununua. Vyako vipange katika kibakuli cha kawaida mnachokitumia kila siku, uvitie karatasi safi chini.

Vibonge vitengeneze jioni ya tarehe 13, uvihifadhi katika friji ndani ya chombo chenye mfuniko, kwani hukaa humo siku kadhaa bila kuharibika. Siku yenyewe vitoe nusu saa kabla ya kula, vipungue ubaridi na harufu ya kakao ifunguke. Ukiona mkwe wangu anapenda kupika, mwachie kazi ya kuvingirisha mfanye wote wawili. Kisha uniandikie unieleze kama umeliona lile duara linalong'aa katikati ya bakuli.

Nawapenda nyote wawili.

Mama yako