Jibu: Maghala yapo, mahindi yanaharibikia wapi?

Mkuu, umeuliza kwa nini mahindi yanaliwa na wadudu wakati serikali ina maghala, hadi Kipawa hapa Dar. Mimi nauza nafaka Tandale, nikwambie ninavyoona.

Ghala la NFRA, yaani wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, ni akiba ya taifa. Linanunua sehemu tu ya mavuno, tena makavu na safi. Hasara kubwa inatokea kabla ya hapo, nyumbani kwa mkulima. Mahindi yakifungwa yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 13 hivi, gunia linapata joto na ukungu unaanza. Humo ndimo inamotoka sumukuvu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Halafu kuna dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, yule mgeni kutoka Amerika aliyeanza kuonekana kwetu upande wa Tabora. Akishaingia, baada ya miezi michache gunia ni vumbi tupu (nimewahi kushusha mzigo wa hivyo, nikaishia kuwauzia wafuga kuku).

Vihenge vikubwa vya kisasa ni vizuri, sivipingi. Ila mwenye magunia kumi kule kijijini anahitaji turubai la kuanikia na mifuko ya kinga njaa. Ile inazuia hewa, wadudu wanakufa bila dawa. Bei yake ndiyo inawashinda wengi, na mimi ruzuku ningeanza kuiweka hapo.

Na wakifunga mipaka mahindi yasiuzwe nje kama 2017, mzigo unalala zaidi majumbani. Dumuzi anashukuru.