Wasomaji Wanauliza: Mahubiri ya Kusikiliza Cherehani Ikizunguka

SWALI: Mhariri, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni fundi wa nguo hapa Lanet, Nakuru, na tangu asubuhi hadi jioni mikono na miguu yangu ina kazi lakini masikio hayana. Watu hunitumia mahubiri kwa simu, ila mengi ni vipande vya dakika mbili tatu ambavyo huisha kabla sijapitisha uzi kwenye tundu la sindano, na mengine humalizikia kwenye namba ya kutuma pesa. Kiingereza nakisikia vizuri. Mama yangu, niliyemleta kutoka Vihiga miguu ilipoanza kumsumbua, anataka Kiswahili. Tafadhali nipendekezee mahubiri yaliyorekodiwa ambayo yanastahili nafasi kwenye memori kadi yangu. – Fundi, Lanet

JIBU: Amina, dada Fundi. Kabla sijataja jina lolote, niruhusu nikueleze kipimo ninachotumia, kwa maana orodha isiyo na kipimo itakuacha ukitegemea ladha yangu. Baba yangu alikuwa na kanda moja ya mahubiri aliyoithamini sana, nasi watoto tulikuwa tukiirudisha nyuma kwa kuizungusha na kalamu ya bairo ili betri za redio zisiishe. Jina la mhubiri lilinitoka zamani, lakini mlango wa 15 wa Injili ya Luka, pamoja na yule baba aliyemkimbilia mwanawe angali mbali, sijausahau mpaka leo. Hicho ndicho kipimo: hubiri likiisha, fungua Biblia mahali liliposomwa, uone kama unaweza kuonyesha kwa kidole aya ambayo mhubiri alitoa kila jambo kubwa alilolisema. Ukikosa pa kuonyesha, basi ulisikia msemaji hodari, na wasemaji hodari hatujawapungukiwa.

Kwa kipimo hicho, wa kwanza ninayekupendekezea ni Martyn Lloyd-Jones, Mwelshi aliyekuwa daktari wa tiba mjini London kabla ya kuiacha kazi hiyo na kuwa mhubiri. Alihudumu katika kanisa la Westminster Chapel mpaka mwaka 1968, na mahubiri yake zaidi ya 1,600 yaliyohifadhiwa katika kanda sasa yanapatikana bila malipo kwenye tovuti ya wakfu unaoyatunza. Udaktari haukumtoka hata mimbarani, kwa kuwa husikiliza malalamiko ya mgonjwa, hukataa dawa za haraka ambazo watu wamezizoea, na ndipo huja kwenye chanzo cha ugonjwa wenyewe, ambacho kwa kawaida sicho ulichodhani. Sauti ni ya kale, kuna mvumo wa mashine, na dakika kumi za mwanzo unaweza kudhani hafiki popote, vumilia. Usianze na Waraka kwa Warumi, ambao aliufundisha kila Ijumaa jioni wakati wa majira ya ibada hizo kuanzia mwaka 1955 akaishia mlango wa 14, aya ya 17, ugonjwa ulipomkatiza, maana utashona sare za shule mbili tatu nzima bado mko mlango wa kwanza. Anza na mahubiri yake ya mwaka 1954 kuhusu waumini waliovunjika moyo, yanayofungua na Zaburi ya 42. Humo anasisitiza kwamba shida yetu kubwa ni kuisikiliza nafsi yetu badala ya kuisemesha, kama mtunga zaburi anavyoisemesha yake: “Nafsi yangu, kwa nini kuinama?” Mtu anayefanya kazi peke yake siku nzima, mawazo yakimzunguka kama gurudumu la cherehani, atajua mara moja ni nini kinachozungumzwa hapo.

Wa pili ni Martin Luther King, ambaye wengi wetu tunamjua kwa hotuba moja ya Washington na kusahau kwamba alikuwa mchungaji. Tafuta hubiri alilolitoa tarehe 4 Februari 1968 katika kanisa la Ebenezer, Atlanta, juu ya Marko 10, pale wana wa Zebedayo wanapoomba kuketi kuume na kushoto kwa Yesu. Mhubiri wa kawaida angewakemea Yakobo na Yohana kwa tamaa ya ukubwa, kisha akamaliza. King anaanza kwa kukiri kwamba tamaa hiyo ya kutembea mbele ya bendi, fimbo mkononi, watu wakikutazama, tumezaliwa nayo sote, anaifuata kwa mtoto anayelia atazamwe, kwa mtu anayenunua gari kubwa kuliko mshahara wake na kwa mataifa yanayogombea ukuu wa silaha, halafu anaonyesha kwamba Yesu hakuwaambia wasitake kuwa wa kwanza, bali aliwageuzia maana ya kuwa wa kwanza. Mwishoni anaanza kuzungumzia mazishi yake mwenyewe, akiomba asitajwe kwa tuzo ya Nobel wala kwa tuzo nyingine alizopata, ila isemwe kwamba alijaribu kuwalisha wenye njaa, kuwavika walio uchi na kuwatembelea wafungwa. Miezi miwili baadaye, tarehe 4 Aprili, aliuawa Memphis, na katika mazishi yake pale pale Ebenezer ilichezwa kanda ya hubiri hilo. Ukilisikiliza, weka mkasi chini kwa dakika tano za mwisho.

Kama unapenda mhubiri anayeanza kwa kusema na kumaliza kwa kuimba, jinsi tunavyowasikia wahubiri wengi wa kwenu Vihiga, mtafute C. L. Franklin wa Detroit, baba yake Aretha Franklin, katika hubiri lake maarufu la miaka ya 1950 kuhusu tai “ataharikishaye kiota chake”, Kumbukumbu la Torati 32:11. Kuna kisa cha tai aliyelelewa na kuku, ambacho nimekisikia kwa watu wengi waliokiharibu. Yeye hakukiharibu.

Karibu na nyumbani yupo Askofu Festo Kivengere wa Uganda. Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa chini ya utawala wa Idi Amin mwezi Februari 1977, Kivengere alivuka milima usiku na mkewe kuingia Rwanda, na baada ya hapo alihubiri msamaha kwa Amin huyo huyo mbele ya watu ambao hawakutaka kuusikia. Hotuba aliyoitoa juu ya msalaba kwenye mkutano wa uinjilisti wa ulimwengu uliofanyika Lausanne, Uswisi, ni ya mwaka 1974, yaani kabla ya hayo yote, na ndiyo sababu inanigusa: aliyafundisha kwanza, kisha yakamdai ayatende. Kiingereza chake ni cha Afrika Mashariki, hakitakuchosha masikio.

Sasa mama. Kwa Kiswahili, Christopher Mwakasege wa Tanzania hufundisha kwa mifululizo ya siku kadhaa, na Kiswahili chake ni cha kutulia, hakimkimbizi mzee. Kwa kuwa mama anakaa chini muda mrefu, mwanzishe pia kwenye kipindi cha redio cha kupitia Biblia nzima kwa miaka mitano, kilichoanzishwa na Mmarekani J. Vernon McGee, ambaye alifariki mwaka 1988, na ambacho kimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 100, Kiswahili kikiwemo. Kila kipindi ni kama nusu saa. Si mahubiri ya kusisimua. Ni mwendo wa mguu mosi mguu pili, kitabu baada ya kitabu, lakini mzee aliyekuwa akisubiri Jumapili ili asomewe ataona juma limejaa. Na kama bado anaisikia Kiluhya chake kuliko Kiswahili, shirika la Global Recordings Network, ambalo lilianza kazi mwaka 1939 kwa jina la Gospel Recordings, hutoa masimulizi mafupi ya Biblia katika maelfu ya lugha na lahaja.

Kuhusu bando: pakua sauti, usipakue video. Saa moja ya sauti iliyobanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni megabaiti zipatazo 29, ilhali video ya saa hiyo hiyo inaweza kufika megabaiti mamia. Soma andiko kabla ya kubonyeza, hata kama ni aya nne tu, na hubiri likikufaa, lirudie kesho yake badala ya kukimbilia jipya.

SWALI: Nilinunua flashi kwenye kibanda kimoja hapa Kisumu, nikaambiwa ni sauti ya Spurgeon akihubiri. Ni yeye kweli? – Dereva wa tuktuk, Kondele

JIBU: Si yeye, ndugu. Charles Spurgeon, mhubiri wa Uingereza, alifariki tarehe 31 Januari 1892, na hakuna kanda ya mahubiri yake. Unayemsikia ni msomaji wa siku hizi. Hata hivyo, maneno yanaweza kuwa yake kabisa, kwa sababu waandishi wa hati mkato waliyanakili alipokuwa akihubiri London, yeye akayasahihisha, yakachapishwa kila juma tangu mwaka 1855 na kuendelea kutoka miaka mingi baada ya kifo chake. Hukupoteza pesa zako, ila ulidanganywa kuhusu sauti. Sentensi zake ni ndefu na zinahitaji utulivu, kwa hiyo zisikilize ukiwa umeegesha ukingoja abiria, wala usizibe masikio yote mawili ukiwa kwenye mzunguko wa Kondele saa kumi na moja jioni.