Anti, mtu kashazaa wawili, mbio zinarudi kweli?

SWALI: Anti shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nipo Pasua hapa Moshi, nina miaka 28. Sekondari nilikuwa nakimbia mita 100 na 200, nikafika mpaka ngazi ya mkoa, alafu nikaolewa ndo ikawa basi. Sasa huyu mdogo kashaacha ziwa nimeanza tena kukimbia jioni, mume hana neno ila mama mkwe anasema mwili ukishazaa haurudi na ni aibu mama wa watu kuonekana na kaptula. Mwalimu wetu wa michezo alitusimuliaga kuna mama wa Kiholanzi alizoa dhahabu nne za Olimpiki akiwa na watoto wawili, mkwe anasema hizo ni hadithi. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni kweli kabisa, na mkwe mwambie jina lake ni Fanny Blankers-Koen, kazaliwa 1918 Uholanzi, na nyumbani alikuwa na kaka na wadogo wa kiume watano. Kabla ya mbio alikuwa anapenda sana kuogelea, kocha ndo akamwambia waogeleaji wazuri nchini tayari wapo wengi, bora ajaribu riadha. Akajaribu akiwa na miaka 17, mwaka uliofuata tu yupo Olimpiki ya Berlin, hakupata medali ila alirudi na saini ya Jesse Owens, yule mkimbiaji Mmarekani aliyezoa dhahabu nne hapo Berlin.

Sasa hapo ndo Vita ya Pili ya Dunia ikaja kuharibu kila kitu. Olimpiki ya 1940 ikafutwa, ya 1944 ikafutwa, yaani ile miaka yote mkimbiaji anakuwa moto yeye hana pa kwenda, nchi imekaliwa na Wajerumani na chakula shida. Katikati ya hayo akaolewa na kocha wake Jan Blankers, akazaa mtoto wa kiume, magazeti yakachukulia kwamba huyu kashamaliza. Wiki chache baadaye kashaanza mazoezi, na 1943, akiwa mama tayari, akaweka rekodi ya dunia ya kuruka juu mita 1.71 na ya kuruka chini mita 6.25. 1946 akazaa wa pili, binti, na mwaka huohuo akachukua ubingwa wa Ulaya wa kuruka viunzi.

London 1948 anafika ana miaka 30. Meneja wa timu ya Uingereza, Jack Crump, kashasema huyu ni mzee mno, na nyumbani watu wanamwandikia barua mbaya kwamba akae alee watoto. Mita 100 akashinda kwenye matope. Viunzi mita 80 ndo ilikuwa kazi, alichelewa kuondoka, akamkuta Maureen Gardner wa Uingereza karibu na mwisho wakamaliza wamelingana, wote sekunde 11.2, na wakati majaji wanaangalia picha bendi ikapiga wimbo wa taifa wa Uingereza. Fanny akajua kakosa. Kumbe familia ya mfalme ndo ilikuwa inaingia uwanjani, dhahabu ni yake! Kabla ya nusu fainali ya mita 200 alilia, kakumbuka watoto, anataka kurudi nyumbani, mume akakaa naye mpaka akatulia, akaenda kushinda fainali kwa tofauti ya sekunde 0.7, ambayo kwenye mita 200 ni pengo kubwa sana. Ya nne ni kupokezana vijiti, alipokea kijiti wapo nyuma akawapita wote.

Umeuliza mwili, mimi nitakuambia habari ya mikono. Fanny alikuwa anaenda uwanjani na watoto, yeye anakimbia, mtoto anacheza kwenye mchanga wa kuruka chini, na baba yao ndo kashika saa. Kwa hiyo hilo "mume hana neno" halitoshi mwanangu, mwambie aje uwanjani, amshike mdogo hiyo saa moja unayokimbia, na mkwe akikuta mwanawe mwenyewe yupo pale na mtoto begani ataongea na yeye kwanza. Anza taratibu, pita kituo cha afya wakupime damu na waangalie tumbo na nyonga, na mita 200 usiziguse kwa kasi kamili mpaka miguu izoee.

SWALI: Anti, binti yangu yuko Arusha anakimbia mita 800. Mzee mmoja pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid kaniambia zamani wanawake walikatazwa hiyo mbio. Kisa nini?

JIBU: Kisa ni uongo wa magazeti. Wanawake waliruhusiwa riadha ya Olimpiki kwa mara ya kwanza 1928 Amsterdam, na mita 800 alishinda Lina Radke wa Ujerumani kwa dakika 2 na sekunde 16.8. Baada ya mstari wengine wakakaa chini kupumua kama wanaume wanavyofanya siku zote, magazeti yakaandika wameanguka hoi njiani, wakati tisa walianza na tisa wakamaliza. Ikaondolewa mpaka Roma 1960. Huyo Fanny wa hapo juu mwaka 1935 alivunja rekodi ya Uholanzi ya mita 800, ndo mbio yake ya tatu tu maishani, ila kwenye Olimpiki mbio hiyo haikuwepo ikabidi ahamie mbio fupi. Binti yako akimbie, na siku akikaa chini baada ya mstari mpe maji.