Hela imerudi, maneno bado hayajarudi

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Ujumbe wako niliusoma usiku ule ule, nikaona nisikujibu kwa simu. Jambo hili linataka maneno utakayoweza kuyarudia ukiwa peke yako.

Umesema hivi. Wewe ni mweka hazina wa kwaya hapo Dodoma, na michango ya sare inaingia kwenye namba yako ya simu. Januari ada ya watoto ilikubana, ukachukua shilingi 400,000 za kwaya, na kufikia Septemba umezirudisha zote. Hakuna aliyejua. Umetubu mbele za Mungu kwa machozi. Sasa ndugu wa ushirika wanakwambia dhambi isiyowekwa nuruni mbele ya wenzako haijaisha. Nawe umelelewa Tanga, mahali ambapo mtu akilemewa huenda kwa padri, na huko huoni watu wakifanya hivyo. Ndipo ukaniuliza: nisimame kwenye ushuhuda, niende kwa padri, au ninyamaze, maana Mungu amekwisha kunisamehe na hela imerudi?

Kwenye ushuhuda usisimame, baba. Na kunyamaza pia usinyamaze.

Kwanza nikuondolee hofu ya kwamba kanisa la Tanga na la Dodoma yanapingana. Uanglikana wa nchi hii ulikuja kwa njia mbili. UMCA, wamisionari waliotumwa na vyuo vikuu vya Uingereza, walikuja kwa Zanzibar, Magila na Masasi, na walikuwa watu wa Misa, ubani na ungamo kwa padri. CMS, chama kingine cha wamisionari wa Kianglikana, walikwenda Mpwapwa, Kongwa na Dodoma, ambako Dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa 1927, nao mkazo wao ulikuwa Neno na mahubiri. Babu zako kule Magila walifundishwa kuungama kabla ya sikukuu kubwa. Wa huko hawakufundishwa hivyo. Lakini hata Kitabu cha Sala cha 1662, ambacho pande zote mbili zilikirithi, kinamwambia mtu ambaye dhamiri yake haitulii amwendee mtumishi wa Mungu afungue moyo wake. Mapadri wetu hupenda kusema: wote wanaweza kwenda, hakuna anayelazimishwa, na wapo wanaohitaji. Mimi nadhani wewe ni kati ya wanaohitaji, na nitakueleza kwa nini.

Ndugu wa ushirika usiwadharau. Hao ni matunda ya Uamsho, lile vuguvugu la toba lililoanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, likaenea Uganda, Kenya na kwetu Tanganyika. Watu waliguswa wakarudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni waliyokuwa wameyakana, na Wazungu kwa Waafrika wakaombana msamaha katika enzi ambayo jambo hilo lilikuwa halisikiki. Kanisa lililokuwa limezoea kuficha lilihitaji watu wa namna hiyo. Andiko la Yakobo wanalolishika ni la kweli: "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Lakini Yakobo hakusema kila dhambi isemwe mbele ya kila mtu.

Nilipokuja huko kumlea mjukuu wangu, mlinichukua kwenye ibada ya jioni. Nilikaa safu ya nyuma. Kijana mmoja akasimama akasema alimwacha mkewe nyumbani akaenda kwa mwanamke mwingine, na kwamba Bwana amemweka huru. Watu wakaitikia kwa pambio, makofi yakapigwa. Mkewe alikuwa ameketi mbele yangu. Alikuwa anaikunja ncha ya kanga yake kidogokidogo, anaikunjua, anaikunja tena, na kila aliposhikwa bega na wenzake kwa furaha shingo yake ilikakamaa. Kabla ya sala ya mwisho aliinuka akatoka. Baadaye nikaambiwa kwamba siku ile ndiyo aliyasikia kwa mara ya kwanza, pamoja nasi wageni. Mwanamume yule alisema kweli tupu, lakini aliwaambia watu mia kabla ya kumwambia yule mmoja aliyemkosea. Yeye alirudi nyumbani mwepesi, na mzigo akautwika mkewe.

Tangu siku ile naamini kwamba dhambi huungamwa hadi pale ilipofika. Kwa Mungu zinafika zote, ndiyo maana Daudi alisema, "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako," ingawa Uria, mume wa Bathsheba aliyeuawa kwa amri yake, alikuwa kaburini. Iliyobaki moyoni peke yake, mwambie Mungu, na padri ukitaka msaada. Iliyomfikia mtu mmoja, mwendee huyo mmoja. Iliyofikia kundi, liambie kundi hilo au wakubwa wake. Kuipeleka mbele zaidi ya hapo mara nyingi ni kuwabebesha watu yasiyowahusu, na mtu anaweza hata kuanza kupenda kusikilizwa.

Sasa nije kwenye jambo lililoninyima usingizi. Ujumbe wako ulikuwa mrefu, na habari ya zile 400,000 uliieleza vizuri, tarehe kwa tarehe. Halafu katikati ukaandika sentensi moja ukaipita mbio: "Kikao cha Julai nilisoma salio kama kawaida, na mama watoto anajua nilikopa kazini." Kisha ukarudi kwenye machozi yako na Zaburi.

Mwanangu, rudi kwenye sentensi hiyo. Julai hela ilikuwa bado haijatimia, nawe ukasimama mbele ya kamati ukasoma tarakimu ambayo haikuwepo. Na mkeo, alipokuuliza ada imetoka wapi, ulimtazama usoni ukamwambia umekopa kazini. Mwaka mzima anabana matumizi ya nyumba akidhani anakusaidia kulipa mkopo wa mwajiri. Wewe umetubu kuchukua. Kusema uongo hujakutubu, kwa sababu hujakuona kama dhambi. Umekuona kama pazia tu la kufunikia dhambi.

Hela inaweza kurudi kimyakimya, unabonyeza simu, salio linatimia. Uongo haurudi kimyakimya. Uliingia kwenye sikio la mtu na bado unakaa humo, na mtu huyo anaendelea kuamua mambo yake kwa kuutegemea. Hauna njia ya kutoka isipokuwa kinywa kile kile kilichousema kiende kwenye sikio lile lile.

Hata jirani yangu wa mlango wa pili, Mwislamu, ambaye tunaachiana funguo za nyumba, huniambia kwamba kwao toba ya haki ya mtu haikamiliki mpaka haki imrudie mwenyewe. Na Bwana wetu katika Mathayo 5 anamwambia mtu aliyefika madhabahuni akakumbuka ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale pale, aende kwanza apatane naye. Sadaka ilikuwa njema, madhabahu ilikuwa halali, na bado akaambiwa aende.

Usinielewe vibaya ukadhani nasema Mungu hajakusamehe. "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu." Hilo sitaligusa. Wewe huendi kwa mkeo wala kwa mwenyekiti kununua msamaha wa Mungu. Unakwenda kwa sababu umesamehewa, na mtu aliyesamehewa hana tena haja ya kulinda uongo.

Soma Sauli na Daudi kwa pamoja, utaona. Nabii Samweli alipomkabili Mfalme Sauli, Sauli alisema nimekosa, lakini akaongeza kwamba aliwaogopa watu, kisha akaomba, "uniheshimu sasa, nakusihi, mbele ya wazee wa watu wangu." Alikiri huku mkono mmoja umeshikilia heshima yake. Nabii Nathani alipomkabili Daudi, jibu lilikuwa fupi: "Nimemfanyia Bwana dhambi." Hakumtaja Bathsheba, hakutaja joto la jioni ile wala upweke wa kifalme. Nathani akamwambia papo hapo kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake. Na matokeo yakamfuata nyumbani kwake hata hivyo. Nakukumbusha hili la mwisho kwa makusudi, maana katika ujumbe wako nimeona unatamani njia ambayo utasema kweli na kila kitu kibaki kama kilivyokuwa. Sina njia hiyo ya kukupa.

Kwa hiyo anza na padri. Najua huko si desturi, lakini yupo kasisi mtu mzima, mwombe faragha. Kwetu unajua inavyokuwa: yeye ameketi na stola, kile kitambaa kirefu cha kikasisi, ya zambarau shingoni, anatazama upande wa madhabahu, wewe umepiga magoti kando yake, na hakutazami usoni. Faida yake kwako ni kwamba utalazimika kuzitaja dhambi kwa majina yake kwa sauti. Peke yako chumbani umesema "nimekosa, Bwana" ukaruka uongo. Mbele ya mtu anayesikiliza ni vigumu kuruka, na akiwa mzee mwenye hekima atakuuliza, "Na Julai uliwaambia nini?" Halafu utasikia kwa masikio yako tamko la msamaha, na siri hiyo hataitoa kamwe. Lakini usimwombe akwambie kwamba inatosha. Kazi ya kumwambia mkeo hawezi kukufanyia.

Kisha mkeo, kabla ya mtu yeyote wa kwaya. Ngoja watoto walale, zima televisheni, na usimwambie ukiwa umesimama mlangoni na funguo mkononi. Sema: sikukopa kazini, nilichukua hela ya kwaya, nikakudanganya. Ishia hapo, mwache aseme. Neno "lakini" lisikutoke usiku huo, wala "nilifanya kwa ajili ya watoto". Hata kama ni kweli kwamba ulikuwa umebanwa, ukilisema sasa unamtaka yeye akufariji kwa kosa ulilomfanyia. Akikasirika siku tatu, zivumilie pamoja naye bila kumhimiza kwa mistari ya Biblia ya kusamehe. Naijua roho ya mkaza mwanangu. Hela haitamuuma sana. Kitakachomuuma ni ile miezi aliyoacha kununua hata kitenge akidhani mnashika deni pamoja.

Baada ya hapo mwenyekiti wa kwaya na mlezi wenu, wote wawili pamoja, kabla ya mkutano mkuu wa Desemba. Wapelekee mtiririko wa miamala kutoka kwenye simu, uwaonyeshe ilipotoka na ilivyorudi. Waambie na lile la Julai. Wao ndio watakaopima kama kamati nzima iambiwe, na wakisema iambiwe, useme mwenyewe. Taarifa ya mapato na matumizi ya mwaka usiisaini kabla hawajajua, maana hapo utakuwa umeusema uongo mara ya pili, tena kwa maandishi. Wakikuvua uweka hazina, mkabidhi anayefuata vitabu vikiwa safi, na ubaki unaimba sauti yako ile ile ya besi. Usihame kwaya kwa aibu.

Jambo moja la mweka hazina kwa mweka hazina, maana hata mimi nimeshika fedha za Umoja wa Mama kanisani. Fedha za watu hazilali kwenye simu binafsi pamoja na za nyumba yako. Pendekeza akaunti ya kikundi yenye watia saini wawili, na kila mchango uandikiwe stakabadhi yenye nakala. Sisemi hivi kukupunguzia kosa. Nasema kwa ajili ya atakayekuja baada yako, naye ana watoto na Januari inamngoja.

Na juu ya zile 400,000: Torati, Walawi 6, ilimtaka aliyechukua cha mwenzake kwa hila akirudishe kizima na kuongeza sehemu ya tano. Hiyo kwako ni 80,000. Hatuko chini ya sheria ile, na mwenyekiti hatakudai. Lakini Zakayo, yule mtoza ushuru, naye hakudaiwa na mtu, akasema mwenyewe kwamba atarudisha mara nne, akiwa amesimama, watu wakimsikia wakinung'unika. Zungumza na mkeo kama mnaweza. Akisema hapana, msikilize. Ameshajinyima vya kutosha kwa ajili ya deni ambalo halikuwepo.

Barua hii usimsomee, wala usimwambie kwamba mama ndiye aliyekutuma. Akija kugundua baadaye kwamba mimi nilitangulia kujua litakuwa jeraha lingine, kwa hiyo hilo nalo mwambie mwenyewe usiku huo huo: mama nimemwandikia kabla ya kukwambia wewe, nisamehe. Akitaka kunipigia, simu yangu haizimwi, hata iwe saa nane ya usiku. Wewe usinipigie kwanza mpaka uwe umeongea naye.

Nakuombea kila asubuhi kwa jina lako la ubatizo.

Mama yako